Gauni la Bibi na Theluji ya Kibo

Kila nilipokwenda Kibosho, Bibi aliniuliza swali moja kabla hata sijaweka begi chini: "Theluji ipo?"

Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Mlima aliouamkia tangu alipoolewa, mwaka 1968, ulikuwa umegeuka ukungu. Alijua tu upande uliko.

"Ipo, Bibi," nilimjibu kila mara.

Haukuwa uongo kamili. Juu ya Kibo bado kuna barafu, na usiku wa mvua kubwa theluji mpya hushuka, ingawa haikawii kuyeyuka. Lakini nilijua Bibi anaulizia theluji gani. Aliulizia ile iliyoko nyuma ya picha yake ya harusi, iliyotundikwa sebuleni: yeye na Babu wamesimama wima, hakuna anayecheka, na nyuma yao Kibo ni cheupe kama gauni la bibi harusi. Picha ni nyeusi na nyeupe. Ilipigwa na fundi aliyepanda kutoka Moshi mjini na kamera yake.

Februari moja nilikwenda na kamera yangu, nikaamka kabla ya jua ili nipige mlima kutoka pale pale waliposimama. Mtu anayejifunza kupiga theluji hufundishwa jambo moja mapema: kamera haiamini weupe. Imetengenezwa kudhani kwamba kila iwacho mbele yake ni kijivu, kwa hiyo ukiielekeza kwenye theluji hupunguza mwanga, na theluji hutoka chafu kama majivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga hatua moja au mbili. Nikaongeza. Picha ikatoka imeungua. Nikarudisha hatua zile, ikawa sawasawa. Theluji ilikuwa ndogo mno hata kuidanganya kamera.

Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama picha ile kwenye kioo cha kamera. Anga la buluu, migomba ya kijani, halafu mlima wa kahawia wenye vipande vyeupe vilivyong'ang'ania juu, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye kisogo. Nilikuwa nimesoma takwimu: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Kuisoma asilimia na kuitazama ukiwa uani kwa bibi yako ni vitu viwili.

Basi nikafanya nilichojua kufanya. Nikaondoa rangi.

Wapiga picha wa milima wamefanya hivyo tangu zamani. Mwaka 1927 Ansel Adams, Mmarekani, aliweka kichujio chekundu mbele ya lenzi ili anga nyuma ya jabali la Half Dome litoke karibu jeusi. Kichujio chekundu hutia giza kilicho cha buluu na kung'arisha kilicho na wekundu. Siku hizi programu ya kompyuta hufanya kazi hiyo kwa kusogeza kidole. Nikasogeza. Anga likawa zito. Miamba ya Kibo, ambayo ina wekundu ndani yake, ikapauka, ikapauka tena, mpaka usingeweza kusema mwamba unaishia wapi na barafu inaanzia wapi. Kibo kikawa cheupe kama mwaka 1968.

Nikaenda Moshi kuisafisha kwa ukubwa, nikamletea Bibi. Aliishika karibu kabisa na pua yake.

"Naona weupe," alisema. Akaagiza itundikwe kando ya ile ya harusi. Majirani walipokuja aliwaonyesha kwa kidole, akikosea kidogo upande.

Miezi minne baadaye baba mdogo akapiga simu: Bibi amepata tarehe ya kufanyiwa upasuaji wa macho. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja. Halafu nikakumbuka ukuta.

Nilifika siku moja kabla ya safari ya hospitali. Usiku, baada ya chakula, nikamwambia. Nilimweleza kichujio, wekundu wa miamba, kila kitu, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alinyamaza, akilainisha kanga magotini.

"Gauni langu la harusi lilikuwa la rangi gani?" akaniuliza.

"Jeupe, Bibi."

"Lilikuwa la waridi. La kuazima, la binti wa shangazi yangu. Picha ilipoletwa nikaona limekuwa jeupe, nikanyamaza. Babu yako naye akanyamaza. Watoto wangu wote wanasema mama aliolewa na gauni jeupe." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini mimi lile gauni nililiona kwa macho yangu, baba. Mlima ulikuwa unanificha."

Sikuwa na la kujibu.

Siku chache baada ya kurudi kutoka hospitali aliniamsha alfajiri. Nilimkuta uani, kanga mabegani, akitazama juu. Alitazama muda mrefu. Nilingoja alie, au anigombeze. Hatimaye akasema, "Kibo naye kazeeka," kwa sauti ile ile anayotumia akikutana na rika lake sokoni. Kisha akanyoosha kidole kuonyesha mahali barafu ilipokuwa ikifika alipokuwa msichana, na mahali ilipofika baba yangu alipozaliwa, akipanda kidogo kidogo kwenye mwamba mtupu. Nilipiga picha akiwa amenyoosha mkono. Kitenge chake kilikuwa cha njano.

Hii sikuigusa rangi. Ipo ukutani sasa, ya tatu. Ile yangu ya pili nilitaka kuiondoa, lakini Bibi amekataa. Mgeni akiiulizia, yeye hunitazama mimi, na mimi ndiye ninayepaswa kueleza.