Mkono Usiouma

Huenda baadhi ya walimu wenzetu wakashangaa kuona kurasa hizi, zilizozoea kujadili ngeli, methali na ushairi, zikizungumzia besiboli. Mchezo huo ni wa Wamarekani, na hapa Uganda wanaoujua ni wachache wakilinganishwa na wapenzi wa kandanda. Hata hivyo vijana wetu wanaucheza. Mwaka 2012 timu ya watoto wa Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, na mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda iliwashinda huko huko watoto wa Jamhuri ya Dominika, nchi iliyolea wachezaji wengi mashuhuri. Walipo vijana wetu, nasi walimu hatuna budi kuwapo. Tena mchezo huu una swali ambalo, kwa maoni yetu, lamhusu kila mtu aliyekabidhiwa kipaji cha mtoto: ni nani mwenye haki ya kuutumia mkono wa mwingine kutafutia sifa?

Tuanze na maneno, kama ilivyo desturi yetu. Katika besiboli mchezaji mmoja husimama juu ya kichuguu kidogo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Sisi twamwita mrushaji, wala si mtupaji, kwa kuwa kutupa kuna maana mbili: kurusha kitu, na pia kukiachilia mbali kwa kuwa hakitakiwi tena. Tofauti hiyo itatufaa mbele. Kila mpira anaomrushia mpigaji ni mrusho. Mchezo wa wakubwa una zamu tisa, wa watoto una zamu sita. Iwapo mpaka mwisho hakuna mpinzani aliyeupiga mpira na kufika kituoni salama kwa mpigo huo, mrushaji amepata mchezo usio na mpigo. Na iwapo hakuna hata mmoja aliyefika kituoni kwa njia yoyote, huo huitwa mchezo mkamilifu. Mambo haya ni adimu mno. Kufikia mwanzo wa msimu wa 2022, michezo mikamilifu iliyohesabiwa katika ligi kuu za Marekani tangu karne ya 19 ilikuwa 23 tu.

Lakini mkono wa binadamu haukuumbwa kurusha mpira kwa nguvu zote mara mia, na kurudia hivyo kila baada ya siku chache. Ndani ya kiwiko mna kano ishikayo mifupa pamoja, nayo ikivutwa kupita kiasi huchanika. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, akatoa kano katika mkono wake wa pili na kuipandikiza katika kiwiko kilichoharibika. Mchezaji huyo alirudi uwanjani mwaka 1976 akaendelea mpaka 1989, na upasuaji huo waitwa kwa jina lake hadi leo. Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi, maana ncha za mifupa yake bado zinakua na hazijawa ngumu. Ndiyo sababu mwaka 2007 Little League iliacha kuhesabu zamu ikaanza kuhesabu mirusho. Mtoto wa miaka 11 au 12 hukomea mirusho 85 kwa siku, isipokuwa huruhusiwa kumaliza na mpigaji aliye mbele yake. Akirusha 66 au zaidi, hupumzika siku nne kabla ya kurusha tena.

Hapo ndipo kikomo na sifa hugongana. Tutatoa mifano miwili inayojulikana sana. Klabu ya New York Mets, iliyoanza kucheza mwaka 1962, ilipitisha michezo zaidi ya 8,000 bila mrushaji wake hata mmoja kupata mchezo usio na mpigo. Tarehe 1 Juni 2012 Johan Santana, ambaye bega lake lilikuwa limepasuliwa mwaka 2010, aliwazuia St. Louis Cardinals zamu baada ya zamu. Meneja Terry Collins alikuwa amekusudia asipite mirusho 115 hivi. Akamwacha aendelee, na Santana akamaliza kwa mirusho 134, mingi kuliko alivyopata kurusha katika mchezo wowote wa maisha yake. Mji ulishangilia. Mwezi Agosti mwaka huo huo alicheza mchezo wake wa mwisho katika ligi kuu, na mwaka 2013 bega lile lilipasuliwa tena. Hatusemi kwamba usiku ule ndio uliomwangusha. Bega lake lilikuwa na historia yake, na mwenyewe alitaka kuendelea. Twasema tu kwamba sifa waligawana wengi, na bega lilikuwa la mmoja.

Tarehe 13 Aprili 2022, huko Minneapolis, Clayton Kershaw wa Dodgers alikuwa amewatoa wapigaji 21 mfululizo katika zamu saba kwa mirusho 80 tu. Ulikuwa mchezo wake wa kwanza wa msimu, maandalizi yalikuwa mafupi, na umri wake ulikuwa miaka 34. Meneja Dave Roberts akampumzisha, na mrushaji aliyemfuata akapigwa katika zamu ya nane. Wengi walikasirika, lakini Kershaw mwenyewe aliukubali uamuzi. Aliendelea kucheza mpaka mwaka 2025, akastaafu akiwa amekwisha kuvuka idadi ya wapigaji 3,000 waliotolewa kwa kukosa mpira. Klabu hiyo hiyo, mwaka huo huo wa 2022, iliwaandikisha warushaji wawili kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Kwa hiyo mambo haya hayako mbali nasi kama yanavyoonekana.

Sasa tuje kwenye michezo ya mwigo. Tangu zamani Wamarekani wamependa kuiga besiboli mezani. Mwaka 1961 Hal Richman alianza kuuza mchezo wa kadi na dadu uitwao Strat-O-Matic, ambamo kila mchezaji wa kweli ana kadi yake yenye takwimu zake. Baadaye ikaja kompyuta, na mwaka 1999 ulitoka mchezo wa Out of the Park Baseball, ambamo mtu huwa meneja wa klabu nzima kwa misimu mingi. Ndani yake warushaji huchoka na kuumia, na meneja aweza kumwekea kila mmoja kikomo cha mirusho. Kikomo kikifika, kompyuta humtoa hata kama hajapigwa bado. Hapo mchezaji hujikuta na shauri zito: alinde kikomo, au akiondoe ili afukuzie mchezo usio na mpigo? Watu wazima wenye kazi zao hulibishania jambo hili usiku kucha.

Nasi tumelikuta shuleni kwetu, uwanjani na katika chumba cha kompyuta pia. Timu yetu ya wavulana hufuata sheria za Little League, na kazi yetu sisi, tusiojua kurusha wala kupiga, ni kukaa na daftari na penseli na kuhesabu mirusho. Katika mchezo mmoja wa mwaka jana, mvulana wetu wa miaka 12 alimaliza zamu tano bila kupigwa. Daftari lilionyesha mirusho 79. Mpigaji wa kwanza wa zamu ya sita alimtoa kwa mirusho sita. Ikawa 85, na walibaki wawili tu wa kutolewa. Tukainua mkono. Kocha alitutazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kumtwaa mpira. Mvulana alipelekwa kulinda kituo cha kwanza, na mwenzake aliyeingia akapigwa katika mrusho wake wa pili. Tulishinda mchezo, lakini sherehe haikuwapo.

Baba yake alitufuata mpaka chini ya mwembe. "Mwalimu," alisema kwa heshima, ingawa midomo ilimtetemeka, "mtoto wa maskini hapati siku kama hii mara mbili. Wawili tu! Nani angekulaumu?" Tulimjibu kwamba hakuna ambaye angetulaumu, na kwamba hilo ndilo lililotutisha. Kama kiwiko kingeharibika, kisingeharibika siku ile mbele ya watu. Kingeharibika polepole, nyumbani, na hapana ambaye angekumbuka daftari letu. Hakuridhika. Twamheshimu kwa kutoridhika, kwa sababu alilosema lilikuwa kweli: siku kama ile huenda isirudi.

Wiki chache baadaye tulimkuta mvulana yule yule katika chumba cha kompyuta, akiongoza klabu yake ya mwigo. Mrushaji wake hakuwa amepigwa, na hesabu ilikwisha kupita mirusho 150. Alikuwa ameondoa kikomo. Tuliketi kando yake.

"Mwanangu, huyu umemsamehe sheria?"

"Huyu haumii, Mwalimu," alijibu bila kugeuza macho. "Kesho asubuhi hachoti maji."

Mrushaji wake akapigwa katika zamu ya tisa. Mvulana alicheka, akaufungua upya mchezo aliokuwa ameuhifadhi kabla ya zamu hiyo, akaanza tena.

Tumelifikiria sana jibu lile. Wapo wanaosema michezo ya mwigo huwafundisha watoto ukatili, eti mtu hujizoeza kuwatumia wengine kama vyombo. Sisi hatuoni hivyo. Mvulana yule alijua barabara mpaka uko wapi. Kwenye kompyuta hakuna madumu ya kubeba kutoka kisimani wala mkono wa kuamka umevimba, na saa zaweza kurudishwa nyuma. Ni mahali pazuri pa kuishibisha tamaa ya sifa, maana hapo haimli mtu. Tena hata hapo moyo haukosi kuguswa. Mwandishi Robert Coover alitoa mwaka 1968 riwaya kuhusu mtu mpweke mwenye ligi ya kubuni aichezayo kwa dadu. Kijana wake kipenzi apata mchezo mkamilifu. Mwenye ligi, kwa hamu ya kumwona tena, amrudisha uwanjani kabla ya mapumziko ya kawaida, na dadu zaamua kijana afe kwa kupigwa na mpira. Mtu yule amlilia mchezaji wa karatasi kama mwana.

Hatari, basi, twaiona kwa watu wazima tunaokaa pembeni ya uwanja na kumtazama mtoto wa kweli kana kwamba ni kadi. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na sisi walimu wa lugha hatumo nje ya methali hiyo. Kila shule ina binti mmoja mwenye sauti ya kughani. Atapelekwa mashindano ya wilaya, kisha sherehe za wageni, kisha harusi ya mkubwa fulani, na kila mmoja atasema ni mara moja tu. Kila darasa lina mwanafunzi mmoja wa insha, ambaye hupewa kazi za wenzake wote ili shule ipate kikombe. Hapana anayeihesabu mirusho yao. Sauti ikikauka, hutafutwa mwingine, na yule wa kwanza huwa ametupwa, kwa ile maana ya pili ya neno.

Tungependekeza jambo dogo: kila mwalimu mwenye mwanafunzi wa namna hiyo aanzishe daftari. Aandike mwaka huu amemtoa mara ngapi, na baada ya kila mara amempa siku ngapi za kupumzika. Aweke kikomo mapema, wakati bado hakuna anayeshangilia, kwa sababu makelele yakianza hatakuwa na nguvu za kukiweka. Na mzazi akija na huzuni yake, tumsikilize mpaka mwisho, bila kulificha daftari.

Kuhusu maneno mrushaji, mrusho na mchezo usio na mpigo, wenzetu wenye mapendekezo bora na watuandikie. Mvulana wetu bado anarusha. Msimu huu amefikisha miaka 13, na kwa umri huo kikomo ni mirusho 95.