Maikromita ya Mzee: Injini, Vumbi la Kilosa na Elimu Isiyo na Cheti

Waliozoea kunisoma wanajua kwamba hapa hujadili bajeti, katiba na mwenendo wa vyuo vyetu. Leo nitazungumzia injini. Naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ni katika kuifumua injini hiyo, bomba kwa bomba na nati kwa nati, nilipouona ugonjwa mmoja wa taifa letu kwa uwazi ambao sijaupata katika ripoti yoyote ya tume. Ugonjwa wenyewe ni huu: tunapima karatasi za kitu badala ya kukipima kitu chenyewe.

Gari ni Subaru Impreza WRX, mtumba kutoka Japani. Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na ina tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kushindilia hewa ndani ya silinda. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 92, na pistoni husafiri milimita 75. Ukipiga hesabu unapata ujazo wa sentimita za ujazo 1994. Wako watakaouliza mhadhiri mwenye umri wa miaka arobaini na kitu anatafuta nini katika gari la mashindano. Swali ni la haki. Barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hairuhusu mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na anayemgonga mnyama ana orodha ya faini inayomngojea. Huko hakuna mahali pa kuonyeshea nguvu za farasi. Mimi natafuta kuelewa, na chombo hiki hueleweka kwa kufunguliwa tu.

Isitoshe, mapenzi ya magari ya aina hii si ugeni kwetu. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wenzake. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akashinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Impreza nayo ilishinda Safari mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns. Wote hao walikuwa na mafundi, na mafundi wale walijua jambo ambalo kitabu cha kiwandani hakikuliandika: kwamba katika nchi hizi gari huuawa na vumbi, maji na joto kabla halijauawa na mwendo.

Tuanze na karatasi. Gari dogo lililozidi miaka kumi linapoingia nchini hutozwa, juu ya kodi nyingine, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Mantiki yake naielewa. Hatutaki kuwa jalala la Wajapani. Lakini tazama namna uchakavu unavyopimwa: kwa mwaka wa kutengenezwa. Gari lililolala ndani ya banda Osaka na gari lililofanyishwa kazi usiku na mchana huhesabiwa kuwa na uchakavu mmoja, mradi miaka yake inalingana. Vivyo hivyo injini inayozidi ujazo wa 1000 lakini isiyozidi 2000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na inayozidi hapo asilimia 10. Injini yangu ilipochongwa ili ipokee pistoni za milimita 92.5, ujazo wake ulifika 2016. Kwa ukubwa wa nusu milimita imevuka mpaka wa daraja la kodi, na hakuna afisa atakayelijua hilo kamwe, kwa maana kadi ya gari bado inasema 1994.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Kati ya Kilosa na Mikumi kuna barabara ambayo kwa miaka mingi sehemu yake ndefu imekuwa ya vumbi. Njiani iko sehemu iitwayo Ulaya, nasi hutaniana kwamba spea zetu zote hutoka Ulaya, ila si hiyo. Vumbi la njia ile lina mchanga laini, na punje za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Kichujio cha hewa kikipasuka au bomba lake likilegea, vumbi hunyonywa, huchanganyika na oili, na kuwa msasa unaosugua ringi na kuta za silinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Gari likaanza kula oili, likatoa moshi wa bluu, na nguvu zikapungua.

Nilipelekwa kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo karibu na Mikumi. Alijifunza uchongaji wa vyuma katika karakana za reli, alikoingia akiwa kijana kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haijavunjika mwaka 1977. Hana cheti cha maana. Anayo maikromita yake katika sanduku la mbao, iliyofungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Anao vijana wawili, na mmoja wao amepitia chuo cha VETA pale pale Mikumi.

Kijana alipendekeza kipimo kilicho katika kila kitabu: pima mgandamizo wa kila silinda, kisha mimina oili kidogo ndani na upime tena, ukipanda, ringi zimekwisha. Mzee akamwambia bila ukali, “Mwanangu, silinda hizi zimelala. Oili yako itatuama upande wa chini, na upande wa juu ringi itabaki kavu. Kipimo hicho ni cha injini iliyosimama.” Akatoa plagi, akaisogeza pistoni hadi mwisho wa safari yake, akaingiza hewa ya kompresa na kutega sikio. Hewa ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi au silinda zimelika. Ikisikika kwenye ekzosi, vali za kutolea moshi hazizibi. Ikibubujika kwenye rejeta, gasketi imeungua. Yetu ilipumua kwenye mdomo wa oili. Utambuzi ulikamilika kwa robo saa, nasi tukashusha injini.

Jambo la pili lilinifunza zaidi. Mzee hakupima kitu chochote baada ya saa tatu asubuhi. Bloku, pistoni na maikromita vililala chumba kimoja usiku kucha, na kupima kulianza alfajiri. Vijana walidhani ni desturi ya uzee. Nilipomuuliza alinijibu, “Daktari, chuma kinakua mchana.” Nikaketi kupiga hesabu. Pistoni ya alumini yenye kipenyo cha milimita 92, joto likipanda kwa nyuzi 10, hutanuka takriban milimita 0.02. Nafasi inayoruhusiwa kati ya beringi kuu na mhimili unaozungushwa na pistoni, mafundi wanaouita krenki, ni kati ya milimita 0.01 na 0.03. Kwa maneno mengine, ukipima kipande kimoja asubuhi na kingine saa saba mchana katika jua la Kilosa, kosa lako laweza kulingana na kipimo chenyewe. Maabara za dunia zimekubaliana kupimia vyuma kwenye nyuzi 20. Mzee hana kiyoyozi, lakini analo pambazuko.

Kisha yakaja mazungumzo ya uboreshaji. Mashabiki wa magari haya duniani huanza na nguvu: tabo kubwa zaidi, hewa nyingi zaidi, petroli nyingi zaidi. Mzee aliuliza gari litaishi wapi. Tulipomjibu, orodha ikageuka. Kwanza, sanduku jipya la kichujio cha hewa na mabomba yasiyovuja. Pili, pampu ya oili yenye uwezo zaidi na bomba jipya la kunyonyea oili, kwa kuwa bomba la asili la injini hizi hujulikana kwa kupasuka, na likipasuka beringi hukosa oili na injini hunoki. Tatu, rejeta nene zaidi. Nne, pistoni za kufuliwa badala ya za kumiminwa. Hizi za kufuliwa hakuwahi kuzishika, lakini swali lake la kwanza lilikuwa, “Aloi yake inatanuka kiasi gani?” Ndilo swali sahihi, maana aloi ya pistoni hizo hutanuka zaidi, na kwa hiyo silinda huchongwa kwa nafasi kubwa zaidi. Tano na mwisho, kontroboksi irekebishwe ili ipunguze shinikizo la tabo, kwa sababu Wajapani waliipanga injini hii kwa petroli yao yenye okteni inayokaribia 100, ambayo pampu zetu hazina. Petroli ya okteni ndogo ikishinikizwa mno hulipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Hivyo injini iliyoboreshwa kwa ajili ya Kilosa ina vipande imara kuliko vya kiwandani, na shinikizo dogo kuliko la kiwandani. Huo ndio uhandisi: kukijua chombo na kuijua nchi kitakamoishi.

Nilipoona hayo niliiandikia idara moja ya uhandisi, katika chuo nisichokitaja, nikaomba mzee aalikwe kufundisha upimaji kwa wiki mbili kwa malipo ya kawaida ya mhadhiri mgeni. Jibu lilikuja kwa swali moja: ana shahada gani? Nilieleza. Nikajibiwa kwamba kanuni haziruhusu, ila anaweza kuja kama “mtoa burudani wa kitaaluma” katika siku ya maonyesho, bila malipo. Sikulipeleka kwake neno hilo. Angelicheka, na mimi ningeona aibu kwa niaba ya taaluma yangu.

Naijua hoja ya upande wa pili, nami siidharau. Cheti ni kinga. Bila cheti kila tapeli mwenye spana angejiita mhandisi, na tumekwisha kuzika watu kwa sababu ya madaraja na majengo yaliyosimamiwa na wasiojua. Lakini cheti kiliwekwa kuwa ushahidi wa ujuzi. Ushahidi unapochukua nafasi ya jambo lenyewe, tunafanya lile lile la ushuru wa uchakavu: tunasoma mwaka kwenye kadi na hatufungui boneti.

Wala si kwamba hatukuambiwa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomtenga kijana na kazi za jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Sheria ya mwaka 1994 ikaunda VETA. Leo VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Hizi ni hatua njema. Ila zote zinamtazama fundi kama mtu wa kuinuliwa afikie cheti. Sijaona bado utaratibu unaomtazama kama mtu ambaye chuo kikuu kinapaswa kujifunza kwake.

Napendekeza mambo mawili, na yote hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kwanza, vyuo vyetu vianzishe nafasi ya fundi bingwa, mwalimu wa karakana anayepimwa kwa kazi ya mikono yake mbele ya jopo: apewe bloku, maikromita na siku mbili, kisha wapime alichopima. Atakayefaulu alipwe. Pili, wanafunzi wa uhandisi wanaokwenda mafunzo kwa vitendo wapewe kazi ya kuandika, kwa Kiswahili na kwa michoro, mbinu za mafundi kama huyu: kwa nini anapima alfajiri, anasikilizaje hewa, vumbi la wapi hula chuma kwa namna gani. Mkusanyiko huo ungekuwa kitabu ambacho hakuna kiwanda cha Japani kinachoweza kutuandikia.

Injini imekwisha kufungwa, nayo haili tena oili. Kijana wa VETA sasa anapima kabla jua halijachomoza, na anajua sababu. Huyo ni mmoja. Mzee anatimiza miaka sabini mwakani, macho yake yanaanza kumsumbua kwenye mistari midogo ya maikromita, na hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa.