Msimu wa Kahawa na Simu ya Kamanda

Mwanzoni mwa mwaka 2006 redio ilikuwa na habari moja kubwa: ujambazi wa Dar es Salaam. Sisi wa milima ya Umatengo, juu ya mji wa Mbinga, tuliusikiliza kama watu wanaosikia mvua ikinyesha ng'ambo ya mlima, wakijua itawafikia. Mimi nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha kahawa. Kazi yangu ilikuwa kupima kahawa kavu ya wakulima na kuandika kilo daftarini, na siku za malipo nilikuwa miongoni mwa wanaokwenda mjini kuchukua fedha benki. Tulirudi nazo kwa gari la kukodi, mgambo mmoja mwenye gobore kakaa nyuma, barabara ya udongo ikipanda na kushuka kati ya mashamba yenye mashimo ya ngoro.

Asiyeijua Mbinga hawezi kuelewa uhalifu wake bila kuielewa kahawa. Kuanzia Juni hivi matunda yanaiva, yanachumwa, yanamenywa na kuoshwa, kisha kahawa inaanikwa kwenye vichanja siku nyingi. Kila kichanja ni ada ya mtoto au bati za nyumba, na kiko wazi usiku kucha. Halafu kuna magoma: mkulima mwenye shida mwezi wa pili au wa tatu anauza kahawa ambayo bado iko mtini, kwa bei ya kusikitisha, na msimu ukifika hana kitu. Fedha zikilipwa mji unafurika watu, vilabu vinajaa, na wezi wanajua kalenda yetu kuliko maofisa kilimo. Nimeona mama akiamka alfajiri na kukuta kichanja kitupu. Hakupiga kelele. Alikaa chini akakishika kichanja kwa mikono miwili.

Hakwenda kuripoti. Kituo cha karibu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu, na jirani yake aliyewahi kwenda kwenye kituo kimoja aliambiwa atafute hela ya mafuta ya gari ndipo askari waje. Kwa hiyo tulimalizana wenyewe, na kumalizana huko mara nyingine kulikuwa ni kipigo. Wenzetu wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na serikali ikaja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Sisi tulikuwa na mgambo, na hasira. Kijana mmoja alipigwa nusura afe kwa kahawa ambayo baadaye ilionekana kwa mtu mwingine kabisa.

Januari ile ya 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva teksi, waliuawa na polisi Dar es Salaam kwa madai kwamba ni majambazi. Tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka ikabaini kwamba hawakuwa majambazi. Kwetu mkoa wa Ruvuma habari hiyo iliingia hadi jikoni, maana vijana wetu wengi walikuwa wakitoka Tunduru na vito mfukoni kwenda kutafuta soko Dar es Salaam. Wazazi walianza kuwaogopa polisi na majambazi kwa kiasi kilekile. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia maofisa walioshtakiwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao.

Katika hali hiyo ya mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete alimteua Said Mwema kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, badala ya Omari Mahita aliyekuwa ameshika wadhifa huo tangu 1996. Mwema alitokea ofisi ya Interpol ya Nairobi. Dar es Salaam ikafanywa Kanda Maalum yenye mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke, chini ya Kamanda Alfred Tibaigana na baadaye Suleiman Kova, aliyehamishiwa huko kutoka Mbeya. Hayo yalikuwa mambo ya jiji. Lililotufikia sisi ni Polisi Jamii: agizo la Mwema kwamba polisi na wananchi wakae pamoja, waambiane nani anasumbua mtaa na nini kifanyike. Namba za simu za makamanda zikatangazwa hadharani. Mtu wa leo anaweza kuliona hilo dogo. Mimi nakumbuka mwenyekiti wetu wa kijiji akiinakili namba ya kamanda wa mkoa kwenye jalada la daftari la mahudhurio, akapanda kilimani kutafuta mtandao, akapiga tu ili ajue kama itapokelewa. Ilipokelewa. Alishuka akatembea nyumba kwa nyumba akisimulia.

Muda si mrefu akaja askari kijana kwenye mkutano wa kijiji. Wazee walimtazama kwa mashaka. Akamwendea balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa umri wa babu yake, akapiga shikamoo na kuketi kwenye benchi la chini. Balozi akamwuliza, "Mwanangu, nikikutajia mwizi leo, kesho atajua nimemtaja?" Kijana akajibu, "Baba, nikikutaja mimi, usinipe tena neno lolote." Nadhani jibu lile lilifanya kazi kubwa kuliko gari lolote la doria. Msimu huo watu walianza kusema, na cha kwanza kilichotokea ni kwamba daftari la kituo lilijaa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea wanapompima mkuu wa polisi. William Bratton alipoiongoza polisi ya New York kuanzia 1994, kila kamanda wa eneo aliitwa mbele ya ramani na takwimu, akaulizwa kwa nini wizi umepanda kwake. Njia hiyo inafaa mahali ambapo mtu akiibiwa anaripoti. Mbinga yetu ya kabla ya 2006 ingeonekana peponi kwenye ramani hiyo, kwa kuwa aliyeibiwa alinyamaza. Kamanda aliyetaka sifa angeweza kukifurahia kimya hicho. Kamanda wa kweli anakubali takwimu zipande kwanza.

Msimu ukiisha nilikuwa nashuka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, kununua usipa, dagaa wa huko. Wakati huo pwani yote hiyo, Mbamba Bay, Liuli hadi Lituhi, ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga. Nyasa haikuwa wilaya hadi 2012. Ziwani wizi ulikuwa wa nyavu na mashine za boti, na ng'ambo ni Malawi. Wavuvi hawakuhitaji kufundishwa ulinzi shirikishi. Kila mwalo ulijua wavu ni wa nani kwa kutazama viraka vyake. Walichokosa ni mtu wa serikali wa kumwambia kabla mtumbwi haujavuka. Askari aliyepangiwa kuwasikiliza alikuwa na miguu yake tu, na mvua za masika ziliikata barabara ya kwenda Mbinga. Nilimwona akiomba lifti kwenye malori ya usipa ili afike kwenye kikao alichokiitisha mwenyewe.

Mwema alistaafu mwishoni mwa 2013, akafuatiwa na Ernest Mangu, kisha Simon Sirro, kisha Camillus Wambura. Kwa maoni yangu, katika wakuu wote hao yeye ndiye aliyelikamata jambo lenyewe: uhalifu hupungua pale mnyonge anapoweza kusema bila kulipia na bila kuviziwa. Wazo lake lilikuwa sahihi na bajeti haikulifuata hadi mwaloni. Leo lami imefika Mbamba Bay na simu zinashika hadi milimani. Basi Wizara ya Mambo ya Ndani iwape askari wa kata pikipiki na mafuta kabla ya Juni, kahawa haijapanda vichanjani, na nyie wasomaji wa Mbinga na Nyasa, mwulizeni mtendaji wenu jina na namba ya askari wa kata yenu.