Neno «chez» na kosa letu

Mwanafunzi wetu mmoja aliandika «je vais chez l’école». Tulimpiga fimbo, wala hatukumweleza sababu. Usiku ule tulikumbuka Kilatini cha seminari: neno chez limetoka katika casa, yaani kibanda, nyumba. Kwa hiyo hufuatwa na mwenye nyumba: chez le docteur, «kwa mganga», chez nous, «kwetu». Lakini shule si mtu. Yataka à, lililotoka katika ad, yaani «kuelekea»: à l’école. Kesho yake tuliyaeleza hayo darasani, tukamwomba mtoto radhi mbele ya wenzake. Akajibu: «Mwalimu, sasa nimefahamu.» Tangu siku ile hakukosea tena, nasi tuliiacha fimbo.