Pedali za bolti mbili kwa baiskeli ya barabara? Ndiyo, nichekeni tu

Wacha niseme kitu kitakachonikosanisha na wasee wa Jumapili asubuhi. Baiskeli yangu ya barabara, yenye tairi nyembamba na usukani wa kupinda, itavaa pedali za bolti mbili, zile za watu wa mlimani. Kuna sheria haijaandikwa popote kwamba baiskeli kama hii lazima iende na kliti kubwa za plastiki za bolti tatu. Ukija na kitu kingine unaangaliwa kama mtu aliyekuja harusini na malapa.

Kama hujui naongelea nini, twende pole pole. Pedali hizi zinaitwa kliplesi, yaani zisizo na klipu, na bado ndizo zinazokufunga mguu. Jina ni la kuchanganya lakini lina sababu. Zamani klipu ilikuwa kile kikapu cha chuma mbele ya pedali, unaingiza kiatu halafu unakaza mkanda. Mwaka 1984 Look, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya kufunga viatu vya kuteleza kwenye theluji, ikaleta wazo hilo kwa baiskeli. Kliti inakaa chini ya soli, unakanyaga, inalia ta! na umefungwa. Ukitaka kutoka unazungusha kisigino nje. Mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo, na vikapu vikaanza safari ya kwenda makumbusho. Shimano wakaleta SPD mwaka 1990, kliti ndogo ya chuma inayojificha ndani ya soli, kwa watu wa matope na kushuka kila saa.

Sasa mimi. Siku tano za wiki natoka Kinoo naenda Westlands kwa Waiyaki Way. Jumapili ndiyo Limuru, na nikiwa na nguvu naendelea hadi kule juu unapoona bonde lote la Mai Mahiu. Ukihesabu mara ninazoweka mguu chini, Jumapili ni chache sana. Kangemi peke yake, saa moja asubuhi, naweza kuuweka mara kumi. Nganya inaingia steji bila kuuliza, bodaboda anakuja upande wake mwenyewe wa barabara, mama anavuka na gunia la sukuma. Pale mguu unatakiwa utoke sasa hivi, si baada ya kuufikiria.

Na nikiutoa, unatua kwa nini? Kliti ya bolti tatu imetokeza chini ya kiatu, plastiki kwa lami, na kama kumenyesha unateleza kama uko kwa sabuni. Kupanda daraja la wapita njia nazo, baiskeli begani, ni kutembea kama bata aliyekunywa. Kila hatua pia inakula kliti, na kliti ni pesa. Ile ya bolti mbili haigusi chini sana, kwa hivyo naingia dukani kununua maziwa kama binadamu wa kawaida.

Wasee wataniambia uzito. Sawa, tupime. Shimano 105 za R7000 ni kama gramu 265 kwa jozi, M520 za bolti mbili ni kama 380. Tofauti haifiki hata robo ya chupa ya maji ya nusu lita, na mimi hubeba chupa mbili pamoja na laptopu. Hoja yao ya kweli ni nyingine, na ninaikubali: pedali ya bolti tatu ni pana, kiatu chake ni kigumu, na ukikaa masaa manne ukisukuma kwa nguvu, nyayo zinakushukuru. Kama unashindana, nunua hizo na usinisikilize. Na kama una raba na pedali bapa na uko sawa, pia usinisikilize. Kuna wazee wanapanda milima na Black Mamba wakiwa na kreti nyuma, na hawajawahi kufungwa mguu na mtu.

Mahali ambapo siwezi kucheka ni magoti. Mguu wa binadamu hauzunguki kama mashine, kisigino hucheza kidogo. Kliti ikikukazia pembe mbaya, goti ndilo linalolipa, tena pole pole, mpaka siku huwezi kushuka ngazi. Ndiyo maana kliti zina rangi. Kwa Shimano za bolti tatu, njano inakuachia nyuzi 6, bluu 2, nyekundu sifuri. Kwa Look Keo, nyeusi ni sifuri, kijivu 4.5, na nyekundu ni 9. Umeona mtego? Nyekundu ya huku inakufunga kabisa, nyekundu ya kule ndiyo inakuachia zaidi. Muuzaji akikuambia "chukua tu nyekundu, zote ni sawa", rudisha pesa mfukoni.

Ukinunua za mtumba, zungusha ekseli kwa vidole. Ikisaga au ikicheza huku na huku, iache. Uliza kliti yake iko wapi, maana ya kampuni nyingine mara nyingi haitaingia. Na kabla hujavunja spana, sikiza alivyoniambia fundi wangu: "Ya kushoto inafunguka kinyume, mdogo wangu, usipigane nayo." Ukishafunga, legeza springi hadi mwisho, ushike ukuta, utoe mguu mara hamsini kabla ya kuonana na matatu.

Nilikuwa nimebakisha swali moja tu: M520, ambazo zinafunga pande zote mbili, au EH500, ambazo upande mmoja unafunga na mwingine ni bapa? Kwa barabara M520 ni rahisi, huangalii chini, unakanyaga tu. Lakini kwetu baiskeli si yangu peke yangu, hata kama risiti ina jina langu. Dada yangu mdogo huichukua jioni kwenda kununua unga, na huenda na malapa. Nikamwambia nanunua pedali mpya, akauliza swali moja: "Nitaweza kuzikanyaga?"

Nimeagiza EH500, zinafika Alhamisi. Pesa ya viatu ndiyo imebaki nusu, kwa hivyo kama una vya bolti mbili namba 42, soli haijapasuka, inboksi yangu iko wazi.