Shule Tatu kwa Siku Moja

Saa kumi na mbili ya alfajiri, Jumatatu moja ya Januari, nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Kwenye buti nilishapakia kapu langu: mikasi midogo yenye springi, udongo wa kufinyanga, vibanio vya nguo, shanga, na penseli fupi zilizovalishwa mpira. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, mkoa wa Kigoma. Mji nilioanza kuuzunguka siku ile ni Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, mji wa mashamba ya farasi ambako siku hizi Kiswahili kinasikika madukani na kliniki, kwa kuwa ndugu zetu wengi kutoka Kongo wamehamia huko.

Kazi yangu ni usaidizi wa tiba kazi. Nilisoma chuo miaka miwili, nikafanya mazoezi ya vitendo wiki 16, nikafaulu mtihani wa taifa, kisha nikapata leseni ya jimbo. Mtaalamu wa tiba kazi ndiye anayempima mtoto na kumwandikia mpango. Mimi ndiye ninayeketi na mtoto wiki baada ya wiki, katika dakika zake 30, mpaka vidole vianze kumtii. Mlango wa kazi hii shuleni ulifunguliwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1975, iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma bure katika shule ya umma, na kutaka huduma anayohitaji ili asome imfikie shuleni hapo hapo. Ndiyo maana tunawafuata watoto, na makapu yetu.

Msimamizi wangu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alitangulia na gari lake, nami nikamfuata nyuma. Shule ya kwanza nilimkuta binti wa miaka sita anayeshika penseli kwa ngumi kama anayeshika mchi. Hatukugusa penseli siku hiyo. Tulibana vibanio kwenye ukingo wa sahani ya karatasi, kimoja kimoja, kwa kidole gumba na cha shahada, mpaka sahani ikawa jua lenye miale. Shule ya pili tulifikia ukumbi wa chakula, kwa mvulana mwenye mtindio wa ubongo ambaye mpango wake ni kula bila kulishwa. Mpini wa kijiko chake umenenepeshwa kwa sponji. Nusu ya maharage yalimwagika na hakuna aliyemkimbilia na kitambaa. Nilifurahi kuona hivyo.

Shule ya tatu ndiyo iliyonikalisha macho usiku.

Alikuwa mvulana wa miaka saba, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, safari fupi tu kutoka kwetu. Wazazi wake ni watu wa Uvira, Kongo, na hapa Marekani hawajamaliza mwaka. Ripoti ya mwanzo, iliyoandikwa kabla yetu, ilisema hawezi kukata kwa mkasi, hawezi kufunga zipu ya koti, misuli ya mikono ni dhaifu. Nilipomsalimia kwa Kiswahili alinitazama usoni, akatazama mlango, akanitazama tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama na mimi nimetoka kambini.

Nikampa mkasi. Akaushika kwa mikono miwili, kila mkono pete yake, akaufungua na kuufunga kama mdomo wa ndege. Ripoti haikusema uongo hapo. Lakini kwenye kapu kulikuwa na kamba na mifuko michache ya plastiki, na wakati naandika dokezo langu alianza kuikunja. Aliifinyanga ikawa donge, akaizungushia kamba, akavuta, akafunga fundo, akazungusha upande wa pili, akafunga tena. Ndani ya dakika kumi mezani palikuwa na mpira. Nilijaribu kufungua fundo moja kwa kucha zangu, likanishinda.

Mikono iliyofunga fundo lile si dhaifu. Kilichokosekana ni mkasi na koti la zipu, vitu ambavyo maisha yake hayakuwahi kumpa. Hata hivyo sikutaka kujidanganya kwamba hana shida yoyote. Akiandika, baada ya mstari mmoja mwili ulilalia meza na mkono ukachoka. Nilipoinama chini nikaona miguu inaning'inia, haifiki sakafuni. Mtu asiyekanyaga kitu hutumia nguvu zake kujizuia asianguke. Nyumbani nimeona viti vya watoto wenye ulemavu vinavyoundwa kwa maboksi na karatasi kuukuu, vikigandishwa kwa uji wa unga, ufundi ulioanzia Zimbabwe, na vikikauka vinabeba mtu mzima. Nikajaza karatasi ndani ya boksi, nikaliweka chini ya miguu yake. Akakaa wima, akaandika mistari mitatu.

Mimi siruhusiwi kubadili ripoti. Niliupeleka ule mpira kwa msimamizi kwenye maegesho. Aliugeuzageuza mikononi kwa muda mrefu, akasema atampima upya mwenyewe, na kwamba lazima tuzungumze na mama yake leo hii. Tukampigia simu.

"Dawa ya nini, dada?" aliuliza mama. "Mtoto yangu hana ugonjwa."

Nikaelewa kuwa neno tiba ndilo lililomtisha tangu mwanzo. Alikuwa amesaini karatasi huku akiamini wamemwona mwanawe mgonjwa. Nikamwambia, "Mama, kazi ya mtoto ni kucheza, kula, kuvaa, kuandika. Sisi tunamfundisha mkono wake kuzifanya. Dawa hapana."

Akanyamaza. Nikamweleza kuhusu mkasi.

"Ee, mkasi! Mimi nashona, dada. Ninao mkubwa, nimeuficha juu ya kabati asijikate."

"Huo uache huko huko juu, mama. Jumatatu ijayo nitampa mdogo wenye ncha butu, aje nao nyumbani akukatie vipande vya kitambaa."

"Vipande ninavyo gunia zima," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka. "Aksanti."