Taa ya Kijiji na Majina Yasiyoandikwa

Kusini mwa Uingereza, katika wilaya ya Sussex, kuna kijiji kiitwacho Burwash. Karibu na kanisa la kijiji hicho umesimama mnara wa mawe wenye taa kileleni, nao umechorwa majina ya wanaume wa hapo waliokufa katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Taa hiyo haiwashwi kila usiku. Desturi ya wanakijiji ni kuiwasha jua linapokuchwa, katika siku ile ya mwaka ambayo mmoja wa watu hao alikufa. Mgeni apitaye jioni akaiona inawaka hujua kwamba usiku huo ni wa mtu fulani, na jina lake limo katika jiwe.

Huenda msomaji akadhani kwamba minara ya namna hii ilijengwa na Serikali. Sivyo. Wakati wa vita Serikali ya Uingereza iliamua kwamba maiti za askari zisirudishwe kwao. Kila mtu azikwe katika nchi aliyoangukia, tajiri na maskini sawasawa. Basi wazazi wengi hawakuwa na kaburi la kuliendea. Ndipo vijiji na miji midogo ikaunda kamati zake, watu wakachanga fedha kila mmoja kwa kadiri yake, wakamwita fundi wa mawe. Mabishano hayakukosekana: jiwe liwe la namna gani, liwekwe wapi, na mtu aliyezaliwa hapo kisha akahamia mji mwingine ahesabiwe au asihesabiwe. Lakini kwa neno moja karibu wote walipatana, nalo ni kwamba majina yaandikwe. Mahali pengi yaliandikwa kwa kufuata alfabeti bila kujali cheo, hata mwana wa bwana mkubwa akawa chini ya mtunza farasi.

Mwaka 1923 ilitolewa sheria iliyozipa halmashauri za mitaa ruhusa ya kutumia fedha za kodi kwa kuyatunza mawe hayo. Hata hivyo, sheria haiondoi kuvu wala haing'oi majani. Kazi hiyo yataka mikono ya watu. Herufi zilizofifia hutiwa rangi upya, na Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 Novemba watu hukusanyika, huweka mashada ya maua mekundu, hunyamaza dakika mbili, na majina husomwa kwa sauti. Vita vya pili vilipokwisha mwaka 1945, majina mapya yaliongezwa chini ya yale ya zamani, na pengine yalikuwa ya ukoo ule ule. Hiyo ndiyo siri ya utunzaji wake. Watu hawalitunzi jiwe kwa kuwa ni jiwe. Hulitunza kwa kuwa limechukua jina la mtu wao.

Miongoni mwa majina ya Burwash liko la John Kipling. Baba yake, Rudyard Kipling, alikuwa mwandishi mwenye sifa duniani kote, naye alikaa karibu na kijiji hicho. Vita vilipoanza kijana huyo alikataliwa jeshini kwa ajili ya macho yake mabovu. Baba mtu, ambaye alikuwa akiwahimiza vijana wote waende vitani, alimwendea jemadari mkubwa aliyekuwa rafiki yake, na kijana akapewa uofisa. Tarehe 27 Septemba 1915, yapata wiki sita baada ya kutimiza miaka 18, alipotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa. Baba na mama waliwauliza askari waliorudi, mmoja mmoja, kwa muda wa miaka, wapate kujua ni nani aliyemwona mwisho na wapi. Mwili wake haukutambulikana. Baba alikufa mwaka 1936 bila kulijua kaburi la mwanawe. Ilikuwa mwaka 1992 ndipo kaburi moja lilipotangazwa kuwa lake, na hata hivyo walikuwako walioshuku. Kwa miaka yote hiyo, kitu kilichobaki nyumbani kilikuwa jina katika jiwe na taa ya tarehe 27 Septemba.

Mambo haya yahusu Afrika ya Mashariki kuliko mtu anavyoweza kudhani. Mwaka 1917 iliundwa Tume ya Makaburi ya Vita, na Kipling akafanywa mshauri wake katika maneno ya kuandikwa juu ya mawe. Ni yeye aliyetunga maneno yaliyowekwa katika sanamu za askari zilizosimamishwa Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1927, na Nairobi mwaka 1928. Pale Nairobi wamesimama watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mchukuzi wa mizigo. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yawakumbuka askari Waafrika, na wachukuzi, ambao yawafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Kisha yamwahidi mwenye kuipigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo iliandikwa na baba aliyejua uchungu wa kubaki na jina peke yake. Lakini mtu akiizunguka sanamu ile mara mbili, mara tatu, hataona jina la mchukuzi hata mmoja.

Wala watu hao hawakuwa wachache. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wachukuzi waliokufa katika vita vya Afrika ya Mashariki wakadiriwa kupita 90,000. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu, na chakula kisichowafaa. Katika Kenya sheria ya mwaka 1915 iliruhusu waandikwe kwa nguvu, na mwaka 1917 machifu waliamriwa kutoa watu wengi zaidi. Waliondoka Nyanza, Ukambani, Uteita na kwingineko, na nyumbani mama zao na wake zao wakabaki wakihesabu miezi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa haikujulikana nani ni nani na kwao ni wapi. Wazee husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe hata watu hupotea hivyo.

Kosa hilo halikutokana na haraka ya vita tu. Baada ya vita wakubwa wa Tume na wa Serikali za makoloni waliona kwamba Waafrika yawatosha sanamu ya jumla, na makaburi mengi ya wachukuzi yakaachwa yarudi kuwa pori. Tofauti yaonekana waziwazi katika mji mdogo wa Taveta, ambao karibu nao palipigwa vita vikali mapema mwaka 1916, katika vilima vya Salaita na Latema. Hapo pana makaburi ya vita yaliyopangwa kwa safu na kutunzwa vema, na apitaye husoma majina ya vijana waliotoka mbali sana kuja kufa chini ya Kilimanjaro. Mchukuzi aliyewaletea maji, unga na risasi hana jiwe katika safu zile. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ikakiri neno hilo na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Wako watakaosema kwamba vita vile havikuwa vya Waafrika, basi kumbukumbu yake na iwe ya wenye vita. Neno hili lina ukweli ndani yake, maana wengi walikwenda kwa kuamriwa. Lakini ikiwa mtu alichukuliwa kwa nguvu, akafa mbali na kwao, je, ni haki anyimwe na jina pia? Wanaolisha maua mnara wa Burwash hawasemi kwamba vita ni vizuri. Husema kwamba fulani alikuwa wa hapa, na hakurudi.

Na hapa Kenya majina hayo hayajafutika yote. Katika makabila mengi mtoto hupewa jina la babu yake, kwa hiyo bila shaka wako leo wakulima, waalimu na makarani waitwao majina ya wachukuzi wasiorudi, nao hawajui jambo hilo. Watoto wa wachukuzi karibu wote wamekwisha kufa, na wajukuu ni wazee. Akifa mzee mmoja leo, pengine jina moja laenda naye.

Kijiji cha wakulima hakihitaji shaba wala fundi kutoka ng'ambo ili kuanza kazi hii. Daftari moja la shule latosha. Aulizwe bibi, aulizwe mzee wa ukoo: ni nani alichukuliwa wakati wa Kariakoo, alikuwa mwana wa nani, alitoka mlima gani au mto gani, na habari zake za mwisho zilisikiwa wapi. Liandikwe jina lake, na jina la aliyelitaja, na tarehe. Kisha orodha isomwe mbele ya watu, katika baraza la chifu au shuleni, mara moja kwa mwaka, asiye na orodha apate kukumbuka wa kwao. Jiwe laweza kuja baadaye, wenyeji wakipenda kuchanga. Likija, litakuwa na kitu cha kuandikwa juu yake, na watakuwako watu wa kulifagilia.